Jiwe la Fakhria

Kigombe, 6 Februari 1956

Mwanangu Turki,

Nakuombea barua hii ikukute mzima wa mwili na wa akili, hasa wa akili, maana mwili najua unaulisha vizuri huko Dar es Salaam. Sisi wazima. Goti langu la kushoto bado linanitesa, ukumbi nimeuezeka makuti mapya, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Kaburi la marehemu baba yako nimelipalilia juzi. Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu kwa sababu zile za shule yako zinaniumiza macho. Kama umezisahau, mtafute mtu mzima akusomee, na uone haya.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako. Kuna meli hapa. Ilifika Jumatatu, nyeupe, na nyuma ina mtambo wa kushusha mdomo wa chuma hadi chini kabisa. Ule mdomo unauma, unapanda na mchanga mweusi na matumbawe yaliyovunjika, vyote vinatiwa kwenye masanduku. Wamepanga maboya mekundu kuuzunguka mwamba mzima, na tumeambiwa asipite mtu ndani yake. Uweso alikwenda kuinua madema yake ya kunasia samaki akakuta kamba zimekatwa, madema yote kumi na moja yamekwenda. Mboni na wanawake wenzake wanaochokoa pweza walifukuzwa juu ya mwamba siku ya bamvua, maji yamekupwa kabisa, na vijiti vyao mkononi, kama wezi wa kuku.

Hayo ni mabaya, lakini kuna moja linalonikosesha usingizi. Meli ile iliingia kwa Mlango wa Chanda. Wewe unaujua. Unapinda mara tatu chini ya maji yanayofanana kila upande, na kwenye pindo la pili kuna jiwe. Tangu nizaliwe sijaona chombo cha mgeni kikipita pale kikatoka kizima. Hii ilipita asubuhi moja bila kusita, kana kwamba nahodha wake kazaliwa hapa.

Wewe unafanya kazi kwenye ofisi ya ramani. Niulizie wanachukua nini, nani kawapa ruhusa, na nani kawaonyesha njia.

Shangazi yako,
Shamsiya binti Harub

*

Dar es Salaam, 19 Machi 1956

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Kazi zimetuelemea mezani. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Barua hii anakuletea Fanueli, Mbondei wa Muheza ninayekaa naye meza moja. Anakwenda likizo kwao, na huenda huko mara kwa mara. Amebeba na dawa ya kuchua goti. Uchue asubuhi na jioni, na usimpe mtu mwingine.

Kuhusu meli, ni utafiti tu. Mchanga ule mweusi una madini yanayotengenezewa rangi nyeupe na vipande vya ndege. Kwa sheria, ardhi iliyo chini ya bahari ni ya Malkia, na kampuni imepewa kibali cha kupima. Wakimaliza wataondoka.

Kuhusu njia, meli za siku hizi zina mashine za kupima kina kwa mlio. Huenda hawakuhitaji kuonyeshwa.

Nakuomba, shangazi, mambo haya usiyaandike tena kwenye barua ya posta. Ukiwa nalo, mpe Fanueli. Na umwambie Uweso asiyasogelee maboya.

Mwanao,
Turki

*

Kigombe, 2 Aprili 1956

Turki,

Salamu. Dawa nimeipata, inanuka kama mafuta ya taa, lakini goti limetulia kidogo. Fanueli ni kijana mwenye adabu. Alikunywa kahawa vikombe vitatu na hakunitazama usoni hata mara moja. Wiki ijayo tutaanza kufunga Ramadhani, tukijaliwa.

Malkia! Huyo Malkia kaitia lini bildi ya kupimia kina kwenye maji ya Kigombe? Kaukanyaga lini mwamba wetu akachomwa na miba yake? Mboni amelea watoto sita kwa pweza wa mwamba ule, na leo anaambiwa ni wa mwanamke ambaye hajawahi hata kulowa miguu hapa!

Nisikilize. Bwana Shauri, huyu mkuu wa wilaya, alikuja kufanya baraza shuleni. Alifuatana na mzungu mmoja wa kampuni, mwekundu, anajifuta jasho kila neno. Uweso akauliza, "Sasa sisi twende wapi?" Bwana Shauri akajibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Chini ya bahari hapana mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe ni cha serikali." Kisha wakatandaza ramani mezani kutuonyesha mpaka wa maboya.

Nilisogea. Herufi za Kizungu zinaniumiza macho lakini hazijanipofua. Nikasoma Mlango wa Chanda. Nikasoma Shimo la Chewa. Na kwenye pindo la pili, kwa wino mweusi mzuri, nikasoma Jiwe la Fakhria.

Fakhria ni mama yangu, bibi yako. Baba alilipa jiwe lile jina lake mwaka aliomwoa, na tangu hapo halijaandikwa mahali popote. Kanuni ya nyumba yetu unaijua: majina ya chini hayaandikwi, wala hayasemwi nchi kavu. Mtu hupelekwa pale pale, akashusha bildi kwa mkono wake, akahesabu pima, ndipo akatajiwa jina. Baba alitupeleka mimi na marehemu baba yako. Wewe nilikupeleka mimi, una miaka kumi na miwili, ukatapika njia nzima.

Baba hayupo. Kaka hayupo. Tumebaki wawili.

Sikuulizi kitu, Turki. Nakueleza nilichokiona.

Shamsiya

*

Kigombe, 11 Juni 1956

Turki,

Idi imekuja na imekwenda. Fanueli amenifikishia mzigo wako: halua, viatu, na shali ya hariri. Nimeupekua mpaka chini, barua hamna. Halua tumekula. Shali ni nzuri sana, nimempa Mboni.

Habari za hapa ni kwamba imekuja meli ya pili, kubwa kuliko ile, ya rangi ya majivu, mizinga yake imefunikwa maturubai. Iliingia kwa Mlango wa Chanda ikatia nanga nyuma ya mwamba siku tatu. Ukiwa Tanga huioni. Ukiwa Pangani huioni. Mimi niliiona nikiwa jikoni kwangu, nachambua mchele.

Hiyo rangi nyeupe unayoniambia, siku hizi inachotwa kwa mizinga?

Nataka barua. Mizigo mpelekee mkwe.

Shamsiya

*

Dar es Salaam, 30 Juni 1956

Shangazi, shikamoo.

Sijui nianze na salamu gani. Mimi mzima. Nimeianza barua hii mara nne na mara nne nimeichana.

Ni mimi.

Miaka miwili iliyopita walitafuta mchora ramani anayeifahamu pwani ya Tanga. Mkubwa wetu alitandaza karatasi, pale kwetu palikuwa peupe, hakuna kitu ila neno la Kizungu maana yake "hatari". Akacheka akasema wavuvi wa kule wanapita kwa bahati tu. Niliudhika, shangazi. Nilitaka ajue kwamba babu yangu hakuwa mtu wa bahati. Nikachukua kalamu nikachora yote: mnazi pacha ukiingia chini ya kilele cha mlima Tongwe, pima saba, geuka, msikiti ukifichwa na ncha ya mikoko, pima nne na nusu, geuka. Yote uliyonifundisha. Na majina nikayaandika, kwa sababu bila majina ilikuwa kama si yetu. Waliniambia ni kwa usalama wa vyombo, watu wasizame. Nikapandishwa cheo, nikapewa meza ya dirishani.

Sikujua habari za mchanga. Nilipoletewa kazi ya kutoa nakala ndipo nikaelewa. Nakala moja imekwenda kwa kampuni. Moja imekwenda kwa wenye manowari. Moja imepelekwa Ulaya, kwa washirika wa kampuni ambao si Waingereza hata kidogo, na hakuna aliyeuliza wao watampa nani mwingine wakishaisoma.

Barua hii ichome.

Turki

*

Kigombe, 15 Julai 1956

Turki,

Sijaichoma. Nimeiweka chini ya godoro ninyanyuke nayo kila asubuhi.

Nilikuwa nimekwisha jua, lakini kujua na kusomewa ni mambo mawili. Nilitoka nikakaa na mbuzi wako mpaka nikapata pumzi.

Baba yangu, wakati wa vita vya Mdachi, aliitwa na Wadachi awaonyeshe Mlango wa Chanda wafiche boti zao. Akasema haujui. Wakamlaza kifudifudi mbele ya watu wakampiga viboko hamsa ishirini. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nilishika beseni la maji ya chumvi mama alipokuwa akimkanda. Alipopata nafuu, Mwingereza naye akaja, yeye na gunia la mchele na maneno matamu. Baba akasema haujui. Aliwanyima wote wawili, kwa sababu alisema mwenye njia ya kuingia kwetu gizani hatatuuliza tena kitu mchana. Mgongo wake ulikuwa na makovu mpaka anaoshwa kuzikwa. Na wewe umeitoa kwa sababu mtu amecheka!

Vijana wa TANU wanapita hapa wanasema siku moja nchi hii itajitawala. Haya. Bendera itapanda Dar es Salaam, watu watapiga vigelegele, na wakati huo huo mgeni yeyote mwenye karatasi yako ataweza kuleta manowari yake mpaka jikoni kwangu. Tutajitawala huku mlango wa nyuma umeachwa wazi, na ufunguo tumeugawa wenyewe.

Nimetukana vya kutosha. Sasa sikiliza kazi yako. Bwana Shauri ameshika neno moja tu, kwamba chini ya bahari hapana mwenyewe. Ramani yenu wenyewe inamkadhibisha. Kama hapana mwenyewe, nani aliyapa mawe majina? Nani alihesabu pima? Baraza kubwa litakuwa bomani Tanga, tarehe 20 Septemba. Njoo usimame useme: mimi ndiye niliyechora, na niliyoyachora nilirithi kwa watu hawa. Maneno hayo tu. Mwamba wetu unategemea hayo.

Shamsiya

*

Dar es Salaam, 28 Agosti 1956

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliipata kwa Fanueli siku tatu baada ya Idi ya kuchinja. Sikula siku ile. Amenikuta nalia akajifanya anachonga penseli.

Kuna jambo lazima nikwambie kabla hujalisikia bomani. Ramani zetu tunazichora juu ya kitambaa chembamba cha kung'aa, na wino ukishakauka haufutiki kwa raba. Unakwanguliwa kwa wembe, taratibu, kitambaa kisitoboke. Juzi mkubwa alinipa orodha ya majina ya kuondoa, mahali pake zitiwe namba. Nilianza na Shimo la Chewa. Mchana kutwa nimekwangua. La bibi nililiacha mwisho, na saa ya kufunga ofisi ilipokaribia akaja akasimama nyuma yangu, basi nikalikwangua nalo. Sasa ni namba 14.

Nitakuja. Nimeomba ruhusa ya kuuguza. Nitapanda basi la Korogwe tarehe 17. Watu hapa wanazungumza habari za Misri kuuchukua mfereji wao, wengine wanacheka, lakini Fanueli kaniambia kwa sauti ya chini, "Kumbe maji nayo yana wenyewe." Nimelishika neno hilo.

Nitakuja, shangazi.

Turki

*

Kigombe, 27 Septemba 1956

Turki,

Leo sina salamu.

Ulikuja, kweli. Nilikuona ukishuka kwenye ngazi za boma na suti yako, nikamwambia Mboni, "Yule pale, mwanangu." Alikuwa amejifunga ile shali yako. Tulikuwa watu arubaini na watatu, tumelala Tanga kwa watu, wengine wametembea kwa miguu kutoka Kigombe. Uweso alikuwa na homa na alikuja.

Nikayataja majina kumi na manane mbele ya watu wote, nchi kavu, mimi binti Harub, jambo ambalo sijalifanya maishani. Nikasema yalikuwa kwenye ramani ya serikali na niliyasoma kwa macho yangu. Bwana Shauri akatandaza ramani mpya, namba tupu. Akasema mama amechanganyikiwa. Ndipo nikakunyooshea kidole nikasema, "Muulizeni huyu."

Akakuuliza, "Wewe mchora ramani. Majina haya unayajua?"

Ukasema, "Hapana, bwana."

Akakuuliza tena, "Hata moja?"

Ukasema, "Hata moja." Ukakaa. Ukakitazama kiatu chako.

Turki, nimezika mume, nimezika kaka, nimezika watoto wawili. Sijapata kuumizwa namna ile. Alicheka mkubwa wako ukachora ramani nzima. Walinicheka mimi mbele yako ukanikana. Tumerudi Kigombe, Mboni amenirudishia shali.

Maboya yamesogezwa mbele zaidi. Kama una la kusema, sema.

Shamsiya

*

Dar es Salaam, 9 Oktoba 1956

Shangazi,

Shikamoo, hata kama hutaki kuiitikia.

Asubuhi ile, kabla ya baraza, watu wawili waliniita chumba cha nyuma. Mmoja nilimjua, mwingine alikuwa na nguo za wanamaji. Walisema pima za Mlango wa Chanda sasa ni siri ya ulinzi. Mtu yeyote asiye wa serikali anayezijua, iwe kwenye karatasi au kichwani, na yeyote aliyemfundisha mwenziwe, ni jela miaka saba. Wakaniuliza kwa upole sana, "Nani mwingine anazijua?"

Nikisema majina ni ya nyumba yetu, ndiyo nimewaambia kwamba nawe unazijua. Nilikuona kupitia dirishani, umekaa kwenye jiwe unalichua goti. Nikaona miaka saba. Nikaona huwezi kutoka mle ukiwa hai.

Nimekunyima lile neno "ndiyo" ili usifungwe. Nipige utakavyo, lakini hilo ulijue.

Turki

*

Kigombe, 30 Oktoba 1956

Turki,

Marahaba.

Barua yako niliisoma mara mbili. Asubuhi yake nilivaa buibui langu jipya, nikamchukua Mboni, tukapanda gari la mkonge mpaka Tanga. Tukaingia bomani. Nikamwambia karani, nataka kumwona Bwana Shauri, nimekuja kushtakiwa.

Nilisimama mbele ya meza yake nikasema, "Mimi Shamsiya binti Harub nazijua pima zote za Mlango wa Chanda, za maji makuu na za maji mafu. Nilifundishwa na baba yangu, nami nikamfundisha mtoto wa kaka yangu. Nimeambiwa ni miaka saba. Nimekuja na mswaki wangu."

Kiswahili chake cha kitabuni hakikutosha; mkalimani aliyatafsiri, akaambiwa arudie, akarudia. Bwana Shauri aliweka kalamu chini akanitazama. Kisha akasema, "Mpeni mama kiti. Mpeni maji. Mama, nenda nyumbani." Hakuandika hata neno moja. Nikakaa kwenye benchi la nje mpaka adhuhuri, kuwapa nafasi ya kubadili mawazo. Wakafunga ofisi wakaenda kula.

Hapakuwa na jela, Turki. Hapana mtu aliyeshughulika hata kuniuliza jiwe liko pindo la ngapi. Kwao mimi ni kizee cha Kigombe chenye goti bovu, na hakuna kitu kichwani mwangu kinachostahili kufungiwa mlango. Walikutisha kwa kitu ambacho hakikuwepo, ukawapa kitu kilichokuwepo. Na hukuniuliza. Kama ungekuja hatua ishirini hadi pale kwenye jiwe ukaninong'oneza, "Shangazi, ni miaka saba," ningekwambia sema, mwanangu, sema kwa sauti. Nani alikwambia naogopa? Binti wa yule aliyepigwa hamsa ishirini!

Naamini ulinihurumia. Ndiyo maana nimekuitikia shikamoo yako. Lakini huruma yako imenifanya mwendawazimu mbele ya watu arubaini na watatu, na mwamba wa Mboni unachotwa mchana na usiku, maji yamekuwa meusi mpaka ufukoni, na pweza hakuna.

Basi sisi hatujakaa. Tumepata wakili, Mhindi wa Tanga, mkali, anavuta pua anaposoma. Shauri linakwenda kwa jaji tarehe 14 Januari. Wakili amesema jaji akiitisha kitambaa cha ramani, mahali palipokwanguliwa kwa wembe huonekana ukikipandisha kwenye mwanga. Amesema pia kwamba anahitaji mtu wa kueleza kwa kiapo ni nini kilikuwa kimeandikwa pale.

Sikuombi uje. Nimeliandikisha jina lako kwenye orodha ya mashahidi bila kukuuliza, kama ulivyoyaandika majina yetu bila kutuuliza. Askari wa mahakama atakuletea karatasi ofisini, mbele ya mkubwa wako, kwenye hiyo meza ya dirishani.

Shangazi yako,
Shamsiya binti Harub